Tela la friji la mita 13.6, tandam au kontena? Hesabu za mwenye gari moja anayepakia Kigoma

Mzigo wa samaki Kigoma unafuata mwezi, na hili muuza tela hawezi kukwambia. Dagaa na migebuka wanavuliwa usiku kwa taa, kwahiyo giza likiwa totoro maboti yanarudi Kibirizi na Katonga, kwenye mialo ya kushushia samaki, yamelala kwa uzito, ila mwezi ukishakuwa mkubwa mwanga unatapakaa ziwa zima, taa haivuti kitu, wavuvi wengi wanabaki nyumbani wanashona nyavu. Sasa mtu anashuka mwaloni wiki ya giza, anaona samaki wamemwagika, bei iko chini, akinamama wanagombania barafu, anajisemea hapa tani 25 sikosi, anaenda kutafuta tela la friji la mita 13.6. Wiki mbili baadae anapigia madalali simu mpaka sikio linauma na tani 6 hazifiki. Hapo bado hujaweka kipindi ambacho ziwa linafungwa kabisa, kama 2024 lilivyofungwa kuanzia tarehe 15 Mei mpaka 15 Agosti ili samaki wazaliane. Miezi 3 hiyo tela haliombi dizeli, lakini mkopo wa benki haujui habari za kuzaliana.

Ndo maana mtu mwenye gari moja akiniuliza achukue la ukubwa gani namrudisha kwenye wiki yake mbovu. Kampuni yenye magari 20 ikikosa mzigo huku inahamishia gari Mbeya au Arusha, wewe gari lako ni hilohilo, likilala limelala na wewe. Kwahiyo boksi lipimwe kwa tani unazoweza kuzipata bila kumbembeleza mtu mwezi ukiwa mkubwa, pamoja na mzigo wa kurudi. Ile siku ya neema iache, hata ukiwa na Fuso siku hiyo utaenda na kurudi umejaza.

Tuanze na vyenyewe vilivyoko sokoni. Kuna Canter na wenzake, boksi la mita 4 hivi, tani 2 mpaka 3, hizi ni za kuzungusha mjini, maziwa na ice cream kutoka stoo kwenda maduka ya Mwanga na Ujiji, sizizungumzii sana hapa. Kuna gari la ekseli 2, Fuso au Isuzu kubwa, boksi la mita 6, linabeba kama tani 6 au 7 za mzigo. Kuna tandam, ekseli 3, boksi la mita 7 mpaka 8, ukishatoa uzito wa gari, boksi na mashine ya friji unabaki na kama tani 13. Alafu ndo semi, tela la mita 13.6 la Ulaya ambalo ndani lina mita za ujazo kama 86. Na kuna kontena la friji, futi 20 lenye ujazo kama mita 28 au futi 40 lile refu kwenda juu lenye kama 67, linakaa juu ya skeletoni, yaani tela la fremu tupu lisilo na boksi. Yale ya Marekani ya futi 53 unayoyaona kwenye video, tela peke yake mita 16.15, achana nayo, kichwa kikishaunga unazidi urefu unaoruhusiwa huku kwetu, na hata usingezidi sijui ungeligeuzia wapi Kibirizi.

Sasa watu wengi wanaangalia hizo mita za ujazo kama vile zote ni pesa. Sio kweli kwa kila mzigo. Samaki walioganda kwenye maboksi ni wazito, mita moja ya ujazo inaingia kilo 500 hivi na zaidi, nyanya au ndizi kwenye kreti hazifiki kilo 300. Maana yake ukipakia nyanya boksi linajaa una tani kama 18 au 20 tu na gari linatembea jepesi, ukipakia samaki wa kuganda uzito unaisha wakati boksi bado lina nafasi. Kabla hujaongea futi jua mzigo wako unamaliza nini kwanza, nafasi au kilo, kwasababu kama unamaliza kilo basi kila mita unayoongeza ni bati na insulesheni unayoivuta bure mpaka Dar, zaidi ya kilomita 1,200.

Na kilo zinaamuliwa na mizani. Sheria ya uzito ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ni ya 2016, hapa Tanzania ilianza kutumika Machi 2019, na inahesabu ekseli kwa ekseli sio jumla peke yake. Ekseli ya usukani tani 8, ekseli moja ya nyuma yenye tairi pacha tani 10, mbili zilizofuatana tani 18, tatu zilizofuatana tani 24, na gari lolote lisizidi tani 56. Chukua kichwa cha diferensho mbili, yaani ekseli mbili za nyuma zinazosukuma, na tela la ekseli 3, hiyo ni 8 na 18 na 24, jumla tani 50, ile 56 huifikii hata uombe. Kichwa kina kama tani 9, tela la friji na mashine yake kama tani 8 na nusu, toa tanki za dizeli, spea tairi, wewe na utingo na mabegi yenu, mzigo unabaki tani 31 hivi. Ukipiga kwa ule uzito wa samaki wa kuganda, tani 31 zinakaa kwenye mita za ujazo kama 60. Umenunua 86. Robo na ushee ya tela ni hewa, na hiyo ni siku umepakia mpaka mwisho wa sheria.

Ila kuna mtego hapo kwenye hiyo 24. Tela nyingi za friji zinazotoka Ulaya zimefungwa super single, ile tairi moja pana kila upande, na sheria inaipa super single uzito mdogo kuliko tairi pacha. Kwahiyo usije ukapiga hesabu ya 24 alafu kwenye mizani ya Nala pale Dodoma ukaambiwa habari nyingine, ulizia mizani wenyewe kwa ekseli na tairi za tela hilohilo kabla hujalipa. Jambo jingine ni kushusha njiani. Umepakia Dar mzigo wa kurudi, ukashusha kiasi Dodoma, kiasi Singida, mlango uko nyuma kwahiyo unatoa vya nyuma, kilichobaki kiko mbele kinakandamiza ekseli za kichwa, unaweza kuwa na mzigo nusu na bado ekseli za diferensho zikazidi. Mwenye tela refu lazima awe na jeki ya kusogezea paleti au vijana wa kurudisha mzigo kati, tandam nayo ina shida hiyo lakini sio kwa kiwango kile.

Tukija kwenye samaki wabichi hesabu inabadilika tena, na hapa ndo wengi wa Kigoma tupo kwasababu dagaa wetu wengi wanaondoka wamekauka, hawahitaji friji kabisa. Sangala, kuhe na migebuka wabichi unawapakia na barafu, na kwa joto la huku kipimo kinachofahamika ni kilo moja ya barafu kwa kilo moja ya samaki. Friji ikiwa nzima na samaki walishapoozwa kabla unaweza kupunguza, labda barafu nusu ya uzito wa samaki. Maana yake tandam ya tani 13 ukipakia kwa kipimo cha moja kwa moja unasafirisha tani 6 tu za samaki, zilizobaki ni maji yatakayomwagika njiani na kreti. Watu wanakosea wanapiga nauli kwa tani za gari. Alafu themostati weka nyuzi 1 au 2 juu ya sifuri, barafu iyeyuke kidogokidogo imlowanishe samaki. Ukishusha chini ya sifuri ukidhani unamtendea wema, barafu inakauka, samaki anaganda polepole kwa nje, anafika Dar amepauka na mteja wa soko la samaki la Feri anajua kuangalia kuliko wewe.

Hapohapo niseme hili maana linawatia watu hasara kubwa: friji ya gari haigandishi. Ni sawa na chupa ya chai, inatunza ulichoweka, haichemshi. Piga hesabu mwenyewe, samaki tani 10 walioko nyuzi 25 kuwafikisha hasi 18 unahitaji kuwatoa joto kama kilojuli 380 kwa kila kilo, mashine kubwa ya tela kwenye baridi ile inabaki na nguvu kama kilowati 6 baada ya kupambana na joto linaloingia kwenye kuta, inakuja wiki nzima na mashine inanguruma mchana na usiku, na samaki wameshaoza siku ya pili. Kwahiyo kama hakuna chumba cha kugandishia huku unapopakia, au kama kipo ila hujakubaliana nao, biashara ya tela kubwa la mzigo wa kuganda kutoka Kigoma haipo, utakuwa na biashara ya kubeba barafu. Mimi hili naliweka mbele ya ukubwa wa tela kabisa.

Kuhusu wese watu wanabishana sana kwamba tela kubwa linakula kwasababu lina hewa nyingi ya kupoza. Hewa haina shida, mita za ujazo 86 za hewa ni kama kilo 100 tu, zinapoa haraka. Joto linaingia kupitia kuta, sakafu na paa, kwahiyo kinachohesabika ni eneo la ngozi ya boksi na ubora wa insulesheni. Tela la 13.6 lina ngozi kama mita za mraba 158, nje kukiwa nyuzi 32 na ndani hasi 18, insulesheni ikiwa bado nzuri, joto linaloingia ni kama kilowati 3.2 muda wote. Boksi la tandam la mita 7 na nusu lina kama mita za mraba 88, linaingiza kama kilowati 1.75. Ujazo wa tandam hiyo ni chini kidogo ya nusu ya semi, joto ni zaidi kidogo ya nusu. Kwa maneno mengine, semi likijaa linakula kidogo kwa kila kilo, linashinda, ila likiwa nusu bado linakula kilekile cha kujaa. Mashine kubwa ya tela kwenye mzigo wa kuganda inanywa kama lita 2 mpaka 4 kwa saa, safari ya Dar ukiweka kupakia, kulala na foleni sema masaa 60, hizo ni kama lita 180 kwa wastani wa lita 3, na hazijali umepakia tani 30 au 8. Bado dizeli ya kichwa, bado tairi 16 au 22 za kuzunguka.

Mlango pia unahesabiwa. Kila ukifungua hewa ya baridi inamwagika chini kama maji na ya moto inaingia kwa juu, ikiwa na unyevu, unyevu unaganda kwenye evaporeta, ile sehemu ya mashine inayopoza hewa, mashine inaanza kujiyeyusha kila saa. Anayeshusha sehemu moja semi ni sawa, anayeshusha sehemu 15 kuanzia Kaliua, Urambo, Tabora mpaka Nzega bora boksi fupi lenye kizuizi katikati na mapazia ya plastiki, upande mmoja kuku wa kuganda, upande mwingine mtindi wa nyuzi 4. Na mkiambiwa msipakie mpaka darini sikieni, kwenye tela hewa inapulizwa kwa juu inazunguka inarudi kwa chini mbele, ukiziba juu nyuma kunapikika na themostati ya mbele inakuonyesha kila kitu shwari.

Kontena nalo lina watu wake. Raha yake unaweza kulishusha chini ukalichomeka umeme likawa stoo ya baridi, kwa mtu ambaye mwaloni anasubiri mzigo siku 3 hilo sio jambo dogo. Lingine, reli ya SGR kipande cha Tabora mpaka Kigoma, kilomita 506, kinajengwa, na siku mizigo ikihamia huko kontena linapanda behewani ila tela la Ulaya litabaki barabarani. Lakini kontena halina injini yake, linataka umeme wa njia tatu, kwahiyo njiani lazima ufunge jenereta. Jumlisha kontena tani 4 na nusu hivi, skeletoni tani 5, jenereta karibu tani moja, umeshapoteza kama tani 2 za mzigo ukilinganisha na tela. Na baridi yake inatokea chini kwenye mifereji ya sakafu, kwahiyo ukimwaga barafu na maji ya samaki ovyo unaziba njia ya hewa. Kwa samaki wa kreti na barafu silipendi. Kwa maboksi yaliyoganda ni zuri tu.

Gari la ekseli 2 lina kitu kimoja cha kuangalia sana, mashine nyingine zinaendeshwa na injini ya gari yenyewe kwa mkanda. Ukizima gari umezima friji. Kwa kuzunguka mjini haina neno, kwa safari ya kulala Manyoni ni mtihani, unalala injini inawaka usiku kucha. Kama unatoka nje ya mkoa tafuta yenye injini yake.

Mzigo wa kurudi ndo unaoamua kama 13.6 ina maana. Kutoka Dar kuja huku kuna kuku wa kuganda, soseji, mtindi, juisi, matunda ya nje kama tufaha, dawa za kutunzwa nyuzi 2 mpaka 8, na bandari ya Kigoma inakupa wateja wa Kalemie na Uvira ng'ambo. Ukiwa na mkataba wa maandishi na msambazaji anayejaza angalau nusu ya tela kila wiki, semi inaanza kuongea lugha ya faida. Bila hicho utajaza mizigo mikavu kwa nauli ya tela kavu wakati unavuta tani 8 na nusu za friji, mwenye tela kavu anakuzidi kwa kila kitu. Na chagua hiyo mizigo mikavu, sabuni na saruji hapana, harufu na vumbi vinaingia kwenye evaporeta, na aliyebeba samaki jana hawezi kubeba mtindi leo mpaka aoshe kwa dawa, akaushe, afungue milango ipige jua. Nyama ya ng'ombe ya kuning'iniza kutoka Tabora ni habari nyingine, inataka reli za kulabu darini, zinaongeza uzito, na mzigo ukiyumba juu kwenye kona unalivuta tela zima, sio kazi ya kujifunzia.

Barabara yetu nayo ina neno. Kipande cha Malagarasi mpaka Uvinza kilibaki vumbi muda mrefu wakati pande zote mbili kuna lami, na mtikisiko kwa tela la friji sio sawa na tela la kawaida, mashine inaning'inia mbele na uzito wake wote, bolti zinalegea, bomba za gesi zinapasuka, paneli zinaachana kwenye pembe na maji yanaingia ndani ya insulesheni. Boksi fupi linajipinda kidogo kuliko refu. Mtu ambaye njia yake ina vumbi na matuta kila safari hilo aliweke kwenye mzani.

Kwahiyo mimi kwa mtu wa gari moja, hana mkataba wa kurudi, anapakia samaki wabichi wa mwaloni anauza Tabora, Singida, Dodoma, namwambia tandam yenye boksi la mita 7 na nusu na mashine yenye injini yake, hata kama tela la mita 13.6 anaweza kulipata kwa bei inayokaribiana, na mara nyingi ni hivyo kwasababu Ulaya wanayatoa yakizeeka. Mwenye chumba cha kugandishia upande huu na msambazaji upande wa Dar, achukue semi asiogope. Anayekaa katikati, yaani ana mzigo ila haujatulia, akodi tela kwanza apite nalo mwezi mzima, giza na mwanga, avuke na foleni ya mizani Mikese na Vigwaza, aone.

Ukishaamua la mtumba, lile bamba la Ulaya la kibali cha kubeba mzigo wa baridi, lililoko kwa mbele, lisome. FRC maana yake insulesheni nzito na linafika hasi 20, FNA ni insulesheni nyepesi na mwisho wake sifuri, la mtindi hilo, mzigo wa kuganda usiliguse hata upewe punguzo. Tarehe iliyoandikwa pale mwanzo inakuwa miaka 6 tangu lilipotengenezwa, zaidi ya hapo lilipimwa upya. Mita ya masaa ya mashine ikiwa imepita 20,000 weka pembeni hela ya kufungua injini. Washa mashine tela likiwa tupu saa 8 mchana, weka hasi 20, lifike na likae, kisha lizime uangalie joto linapanda kwa kasi gani na milango imefungwa. Alafu lipandishe mizani likiwa tupu ulinganishe na uzito ulioandikwa kwenye karatasi zake. Likizidi kwa kilo 400 au 500 na hakuna kilichoongezwa, hayo ni maji yamekaa ndani ya kuta, na hakuna fundi wa Gungu wala wa Dar atakayeyatoa.